Choo cha Wakwe

Ulipita pale. Usiseme hukupita. Ulipita Kataki, mtaa wa Kalemie, njia ya kushukia sokoni, ukaona kijiukuta kimepakwa rangi ya majani mabichi na bomba jeupe limetokeza ardhini. Ukajisemea moyoni, "Haya, hata hawa maendeleo yamewafikia," kisha ukaendelea na safari yako. Na picha uliiona. Mama mwenye kitenge cha manjano amesimama mbele ya moto wa buluu, meno yote nje. Uliipenda picha ile, ukamtumia rafiki yako. Hukuuliza ni nani alikuwa amesimama nje ya picha, wala kwa nini alisimama nje. Macho unayo wewe. Ulichokosa ni shingo ya kugeukia upande wa pili.

Basi leo utageuka.

Mama yule jina lake ni Clémentine. Tangu ujana wake amepika maharage na bugali kwa watu wa bandarini, juu ya mbabula, jiko la makaa, kwa makala yanayoshuka kutoka milima ya Marungu yakiwa yameloa mvua. Moshi wa makala mabichi ulikuwa umemla macho na kifua, na usiku alikohoa mpaka mbwa wa jirani wakamjibu. Mume wake, Papa Symphorien, ni mtu wa reli: kila asubuhi huvaa kasketi, kofia yake ya kazi, huenda stesheni kuuliza kama treni itakuja, hurudi. Katika parseli yao, kiwanja chenye uzio, amepanga Mama Mireille, muuza mawese, mwanamke mwenye mdomo usio na mlango. Na tangu ziwa Tanganyika lilipopanda likazila nyumba za ufukoni, alikuwemo pia binti ya Clémentine, Christelle, na mume wake Urbain, mvuvi, mtoto wa kijiji cha Mpala, pamoja na mtoto wao wa kunyonya.

Mkwe kulala kwa mama mkwe! Kwa watu wa pwani ile hilo halitamkwi mbele ya wageni. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawaitani majina. Hawali sahani moja. Na kuliko yote, hawafuatani njia ya chooni. Mtu anaweza kusamehewa kumtukana mama mkwe wake akiwa amelewa, lakini kukanyaga alipochuchumaa yeye, hilo halina msamaha wala kuku wa kuliosha. Urbain alilijua hilo, lakini ziwa halikumuuliza. Lilipanda kwa mvua zilizoharibika, na wanaosoma hewa wanasema zimeharibiwa na moshi wa viwanda vya watu wa mbali ambao hawajui hata Kalemie iko wapi.

Ndiyo maana juma lile lile Urbain alipoingia na godoro lake kichwani, Papa Symphorien alishika sururu.  Alichimba kwenye kona ya uzio, mbali na choo cha nyuma ya jiko, akajenga kwa mawe, akaezeka kwa bati kuukuu la reli. Choo cha wakwe. Alipomaliza alinawa mikono, akamwambia Christelle, "Mwambie bwana yako, ile ni yake." Huko ndiko kulikuwa kumkaribisha kwake, na Urbain alielewa, kwa maana alishusha macho na kupiga makofi ya heshima mara mbili.

Injenyeri Steve wa mradi wa gesi alikuja asubuhi moja, na mafundi nyuma yake. Kijana wa Lubumbashi, viatu safi, sauti kama ya mtu wa redio. Alizunguka parseli akipima kwa miguu, kisha akaketi kwenye kigoda cha Mama Clémentine na kumweleza jambo ambalo, Mungu shahidi, lilikuwa jambo jema.

"Mama, makala inakumaliza. Inamaliza kifua yako, inamaliza na pori ya Marungu. Hapa chini tutajenga chumba ya mviringo, kama chungu yenye kufunikwa. Choo itamwaga humo. Vile vitu vitaoza, vitatoa gesi, gesi itapita mu bomba mpaka ku jiko. Unawasha kibiriti, paa! Moshi hakuna. Na yenye itabakia njo mbolea ya bustani. Hakuna kitu inapotea."

"Yesu wangu!" Mama Mireille alisimama mlangoni na pipa lake la mawese. "Kumbe miaka yote hii tunachuchumaa juu ya mali, na hakuna muntu alituambia!"

Walicheka wote. Hata Mama Clémentine alicheka mpaka kikohozi kikamkata.

"Ila choo itakuwa moja," Steve akaendelea. "Shimo inataka bantu wengi. Ile ya ku kona tutaibomoa, mawe yake tutajengea musingi."

Mama Clémentine aliacha kucheka. Alitazama upande wa upenu, alikokuwa Urbain ameketi akishona wavu, akashusha sauti. "Ile hapana, mwanangu. Ile ni ya bakwe."

"Bakwe gani?"

"Mukwe wangu anakaa hapa. Ye hawezi kupita choo yangu. Na miye siwezi kupita yake. Muache ile ibakie. Mutwae hii ingine."

"Mama! Masharti ya proje ni parseli moja, choo moja. Nikiacha mbili, wakubwa watasema bantu banagawanyika, gesi haitatosha." Kisha akacheka kwa wema, kama anayemwondolea mtoto woga wa giza. "Tena, Mama, mavi haina bukwe. Ikishaingia mule chini, yote inakuwa gesi tu."

Mafundi waliangua kicheko. Urbain, chini ya upenu, aliukata uzi kwa meno, akakunja wavu wake, akatoka nje ya uzio bila kugeuka.

Hapo ndipo Mama Clémentine alipopaswa kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mbele yake kulikuwa na mbabula, na ndani ya mbabula makala yale mabichi yakitoa moshi mzito, na moshi ukamfuata alipokuwa amesimama, kama ulivyomfuata maisha yake yote. Aliuliza, "Ule moto, hautoi moshi kabisa?"

"Kabisa, Mama."

Alimtazama mume wake. Papa Symphorien alivua kasketi, akaivaa tena. "Kifua ni yako, Mama Christelle," alisema. "Sema wewe."

"Atazoea," Mama Clémentine alisema. Na mafundi wakainua nyundo.

Usimcheke. Kalemie imeshaona vingi vikishuka kutoka magarini. Yaliletwa mahema ya plastiki ya kukaushia ndakala, dagaa wa huku, kwa jua, yakajengwa mahali ambapo nzi hulala. Yakaletwa majiko ya udongo yenye mdomo mdogo kuliko sufuria za huku. Zikaletwa taa za jua za kuvulia usiku, nzuri kweli, na betri zake zilipokufa hakukuwa na mtu kati ya hapa na Kigoma wa kuzifufua. Kila kitu kilikuwa kizuri. Na kila kitu kilifika kikiwa kimeshafikiriwa na kumalizwa huko kilikotoka, mwenye nyumba akabakiwa na kazi ya kupiga makofi. Kabla ya hapo, wakati mji huu ulipokuwa na jina la mfalme wa Wazungu, babu zetu walipigiwa filimbi wakaambiwa watakapojenga na watakapojisaidia. Leo filimbi hakuna. Kuna kijana mwenye sauti nzuri. Tofauti ni hiyo tu.

Gesi ilikuja. Usiidharau, kwa maana Mama Clémentine hakuidharau. Mafundi waliletea shimo mavi ya ng'ombe ili kuliamsha, watu wa parseli wakaendelea kulilisha, na asubuhi moja akawasha kibiriti na moto ukasimama, wa buluu, bila kelele, bila moshi. Aliweka mkono juu yake kama anayebariki. Alilia. Maharage yaliiva na macho yake yakiwa makavu, na usiku ule alilala bila kukohoa, hata Papa Symphorien akaamka kumgusa aone kama bado anapumua.

Mama Mireille kila alipotoka chooni alipita jikoni akapiga kelele, "Mama Christelle, nimekuletea kuni!"

"Asante, jirani. Leo zimekauka?"

"Leo mbichi, Mama. Nilikula papai."

Lakini jioni Christelle alipompelekea Urbain sahani yake upenuni, bugali na samaki wa mikebuka wa kukaanga, sahani ilirudi kama ilivyokwenda. "Amesema alikula bandarini," Christelle alisema bila kumtazama mama yake. Kesho yake vile vile. Siku iliyofuata Christelle alionekana nje ya uzio, mtoto mgongoni, amewasha vijiti kati ya mawe matatu na kumpikia mume wake viazi.

Mama mkwe hamsemeshi mkwe wake. Akiwa na neno, hulitupa kwa kitu kilicho karibu, na mkwe hulisikia. Jioni ile Urbain alikuwa kwenye upenu. Mama Clémentine alimshika kuku wake mwekundu, akampakata, akaanza kumwambia kwa sauti kubwa:

"We kuku, siku hizi unachagua chakula? Niambie. Nimekupikia vibaya? Chumvi haikutosha?"

 Urbain akamwambia wavu wake: "Chumvi ilitosha, wavu. Mupishi ni mwema. Njo moto tu. Muntu hawezi kula kitu yenye imepikwa na..." Hakumaliza. Hakuna maneno ya kumalizia. Mwanamume ale chakula kilichoivishwa na kinyesi cha mama mkwe wake? Hata wavu ungeona haya.

"Kuku," Mama Clémentine alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "na kulala je, unalala vizuri? Na asubuhi... asubuhi unaenda wapi?"

Urbain aliukunja wavu. Lakini kila mtu alijua. Kabla jua halijatoka Urbain alikuwa anashuka ufukoni, mbali, kule ambako mawimbi yanapiga kuta za nyumba zilizozama, mahali ambapo waliofukuzwa na ziwa hujisaidia kati ya matofali yao wenyewe. Na maji ni yale yale. Wanachota hapo, wanaoga hapo.

"Tumujengee choo ingine," Papa Symphorien alisema walipokuwa wawili. "Nitachimba tena. Mikono bado niko nayo."

"Injenyeri alisema wakiona choo ya pili batafunga bomba." Mama Clémentine alijifuta uso usio na jasho. "Ngoja kwanza wageni wa proje wapite. Wakishapita utachimba."

"Wageni wanakuja siku gani?"

"Hivi karibuni."

Ngoja wageni wapite! Nchi hii yote imejengwa juu ya maneno hayo.

Wageni walikuja mchana, gari mbili, nguo za rangi ya vumbi zisizo na vumbi. Injenyeri Steve alikuwa mbele akitafsiri. Mama Clémentine alikuwa amevaa kitenge cha manjano. Aliwasha kibiriti. Moto uliinuka, ukawa mfupi, ukatetemeka kama ulimi wa mgonjwa.

Steve aliinama, akafungua na kufunga bomba. Shingo yake ilikuwa imelowa. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na hilo pia lisemwe. "Shimo iko na njaa," alisema kwa Kiswahili, haraka, meno yakiwa yamefungwa kwa tabasamu la wageni. "Mama, kuna muntu hapa haendi ku choo."

"Miye naenda," Mama Mireille aliruka. "Naenda hata kama sina kitu!"

Hakuna aliyecheka. Steve alikuwa ameshageuza macho kwenye upenu. "Na wewe, Papa? Wewe unaenda wapi?"

Urbain alisimama. Wote walikuwapo: mke wake na mtoto, baba mkwe na kasketi mkononi, na mama mkwe hatua chache tu kutoka kwake. Mama Clémentine alivuta ncha ya kitenge akafunika uso wake wote.

"Niko muvuvi," Urbain alisema. "Naenda ku kazi."

"Yaani ku ziwa? Kule kule bantu banachota maji ya kunywa?" Steve alisahau wageni. Alikuwa na woga, na woga ulimfanya mkali. "Papa, tunatafuta nguvu zote kumaliza kolera mu muji hii, kumbe wewe njo unaileta! Choo ya bure iko hapa, safi, na wewe unaikimbia. Sababu gani? Sema!"

Mgeni mmoja aliuliza jambo kwa Kifaransa. Steve alimjibu kwa neno moja, "coutumes", yaani mila, na mgeni akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa.

"Sema, Papa. Wote tuko wakubwa."

Urbain alishusha macho.  Mwanamume aliyekuwa akilala juu ya mawimbi, aliyewahi kumvuta mwenzake kutoka majini kwa nywele, alisimama pale akijikumbatia kama aliyevuliwa nguo.

"Basi, basi," Steve alisema, na akageukia mashine ya picha iliyokuwa imeinuliwa. "Mama Clémentine, fungua uso, cheka kidogo. Papa, tafadhali, sogea kule. Unaharibu picha."

Alisogea. Alisogea mpaka nje ya uzio, akaenda.

Hakurudi jioni ile, wala iliyofuata. Christelle alimtuma mtu, akajibiwa kwamba Urbain analala na wenzake kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, kwamba yuko salama, kwamba atatafuta chumba. Mama Clémentine alimwambia mume wake achimbe. Papa Symphorien alishika sururu kesho yake, akaanza mahali pale pale. Shimo lilikuwa limemfika magotini wakati Djo, mvuvi mwenzake Urbain, alipokuja.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Papa Symphorien alikuwa amekwenda stesheni kuulizia treni. Christelle alikuwa amekwenda na mtoto kumtafuta mume wake kwa njia ya bandari. Djo alikuja kwa njia ya ufuko, amembeba Urbain mgongoni kama mzigo wa nyavu zilizolowa.

"Mama, hodi. Nimekuletea... nimekuletea mugeni wenu."

Alimlaza juu ya mkeka. Mama Clémentine hakumjua mara ya kwanza. Macho yalikuwa yameingia ndani ya kichwa. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kama ya mfua nguo. Suruali ilikuwa imelowa, na kilichoilowesha kilikuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Tangu siku gani?"

"Jana jua likiwa bado kuchwa. Tulimwambia rudi kwako, kule kuko choo, kuko bamama wa kukuhudumia. Akatuambia, 'Nirudi niende choo gani?' Akajificha nyuma ya mitumbwi, Mama. Sisi tulisema ni tumbo tu."

Mama Mireille alikuwa ametoka. Aliona, akashika mdomo wake, pengine kwa mara ya kwanza. "Kolera," alisema. "Naenda kutafuta pikipiki!" Akakimbia barabarani bila viatu, akipiga kelele waendesha pikipiki wasimame.

Mama Clémentine alibaki amesimama. Alitazama huku na huku akitafuta kitu cha kusema nacho. Kuku alikuwa pale. Sufuria ilikuwa pale. Kisha akapiga magoti.

"Urbain," alisema.

Mgonjwa alisikia. Jina lake, katika kinywa kile. Aligeuza uso ukutani.

"Urbain, mwanangu, niangalie. Kunywa maji haya. Nimetia chumvi na sukari."

Alitikisa kichwa. Sauti yake ilikuwa imekauka ikabaki mkwaruzo. "Mumwite Christelle."

"Christelle hayuko. Niko miye."

"Basi... munitoe nje. Munipeleke kule."

"Kule wapi? Choo iko hapa! Pita hapa, Urbain, hakuna haya, haya ilishakufa!" Alimshika kwapa kumwinua aelekee kwenye mlango wa kijani. Na mtu yule ambaye hakuwa na nguvu ya kushika kikombe alipata nguvu ya kung'ang'ania mkeka. Alikataa. Tumbo lilimfunguka pale pale, mbele ya mama wa mke wake, na akalia bila machozi, kwa sababu maji ya machozi yalikuwa yamekwisha mwilini.

Alimwosha. Sikia vizuri: mama mkwe alimwosha mkwe wake, kwa mikono yake, kiuno na mapaja, akimwita jina. Djo alitoka nje, akasimama na mgongo wake kwao, kwa heshima.

Pikipiki ilikuja. Dereva aliona, akataka kuondoka. Mama Mireille alilala mbele ya gurudumu. "Utapita juu ya tumbo yangu, we mutoto!" Wakapanda. Dereva mbele, Urbain katikati, Mama Clémentine nyuma amemkumbatia asidondoke, kifua chake juu ya mgongo wake, shavu juu ya bega lake. Kataki nzima iliwaona.  Wanawake waliokuwa wakichambua ndakala waliinua macho, wakayashusha. Njia ilikuwa imekatwa na maji mahali ambapo ziwa limeingia barabarani, wakazunguka kwa juu, wakashuka, wakasukuma. Njia yote Urbain aliinamisha kichwa chake mbele, mbali naye, kama anayeomba radhi kwa uzito wake.

Katika kituo cha kolera kitanda kina tundu katikati na ndoo chini yake. Muuguzi alikuwa mwepesi, alimlaza, akatafuta mshipa. Akatafuta mkono huu, akatafuta ule. "Mishipa imelala," alisema. "Mungemuleta jana, Mama. Jana ingekuwa kazi ndogo." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayetaja hali ya hewa. Mwishowe aliupata mmoja, shingoni, na maji yakaanza kushuka.

Urbain alimwita muuguzi kwa kidole. Muuguzi akainama, akasikiliza, akaja kwa Mama Clémentine.

"Anasema utoke, Mama."

"Nitoke? Nimemushika njia yote!"

"Anasema hawezi ku kitanda hii na wewe uko unaona. Anajizuia. Akijizuia atakufa mbio."

Alitoka. Ungefanya nini? Alimpa heshima yake, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa imebaki ya kumpa. Alisimama nje ya hema, uso kwenye turubai, akisikiliza maji yakidondoka kwenye ndoo, yakidondoka, kisha yakiacha. Alidhani amepata nafuu. Muuguzi alipotoka alikuwa anavua glavu.

Urbain alizikwa na watu wenye buti, ndani ya mfuko, bila kuoshwa na ndugu. Shangazi yake Urbain alifika kwa boti kutoka Mpala wakati udongo umeshakauka, na wanawake wenzake nyuma yake. Hawakuingia ndani ya uzio. Walitandika mikeka yao mlangoni, ndipo matanga yakahamia huko. Chakula wanawake wa kanisa walipika nje, kwa makala. Jiko la buluu lilikaa bila kuwashwa, na gesi, kwa kuwa sasa hakuna aliyeitumia, ilijaa mpaka ikapiga miluzi kwenye bomba.

Shangazi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alingoja wote watulie, akasema:

"Hatukuja kugombana. Tulimutoa mutoto wetu mu maji, tukawapa ninyi. Tunauliza neno moja. Alipokuwa kwenu, alikuwa anaenda wapi?"

Papa Symphorien alivua kasketi. Christelle alimwinamia mtoto wake. Watu walitazama ardhi. Mama Clémentine angeweza kusema ziwa, angeweza kusema kolera, angeweza kusema Injenyeri. Yote yangekuwa kweli.

"Alikuwa nayo choo yake," alisema. "Miye njo niliwapa waibomoe. Nilitaka moto."

 Shangazi alimpokea mtoto kutoka mikononi mwa Christelle, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe. "Basi hawa tutaenda nao," alisema, na Christelle akainuka, akaanza kukusanya nguo zake. Hakumtazama mama yake. 

Ni katika saa ile Injenyeri Steve aliposimamisha gari, na gunia la mchele begani kama mtu mwema. Alitoa pole. Alitoa pole ya kweli, macho yake yalikuwa mekundu. Alimvuta Mama Clémentine pembeni.

"Mama, usiweke mu roho. Kolera na proje ni vitu mbili mbalimbali. Shimo haikuua muntu."

"Najua."

"Wageni walikupenda sana. Picha yako imefika mbali. Sasa tunaanza ku kijiji ya Zongwe, mashimo mengi kuliko huku. Bamama wa kule wanasitasita. Tukasema, kama Mama Clémentine akija akawaambia vile moshi ilikwisha..."

Mama Clémentine alimkazia macho kijana yule, na Steve akaanza kushikashika funguo za gari.

"Kule Zongwe," alisema mama, "umewauliza nini?"

"Kuuliza?"

"Kabla ya kuvunja."

"Mama, plani imeshapitishwa. Mawe yameshafika ku ufuko. Mafundi wanaanza juma lijalo. Siko miye natengeneza plani, miye natumwa." Na hapo sauti ile ya redio ilivunjika. "Natumwa tu, Mama."

"Sawa. Nitaenda. Lakini si na gari yako."

Mwenye matanga hatoki. Alitoka. Alifunga kitenge kiunoni, akawafuata wanawake wa Mpala mpaka bandarini, kwa maana boti linalokwenda Mpala hupita Zongwe. Hawakumkaribisha, hawakumfukuza. Amekaa sasa nyuma kabisa, juu ya magunia ya chumvi, na binti yake ameketi mbele akimpa mgongo. Atashuka Zongwe peke yake, mama mmoja mwenye kikohozi, asiye na kofia ya mradi wala barua ya mkubwa, akasimame mbele ya nyundo na kuwaambia wanawake wa kule: ule moto ni mzuri, uchukueni, lakini msikubali kuvunja kwanza. Watamwita mchawi aliyemla mkwe wake. Watasema analipwa na wauza makala.

Hataweza peke yake. Wewe unajua hataweza. Unazo picha, unayo simu, unajua mlango wa biro, ofisi ambako mipango hii hukatwa, na pengine una kiti ndani yake. Basi inuka kwenye kiti hicho. Leo, si baada ya mkutano, si wageni wakishapita. Piga simu kwa aliyesaini mpango wa Zongwe, umwambie nyundo zisimame mpaka wenye nyumba wamesema. Akikuambia imeshapitishwa, nenda mwenyewe ukakae juu ya mawe yale. Boti halijang'oa nanga. Wanapakia bado, na nyuma kule, juu ya magunia, kando ya yule mama, kuna nafasi ya mtu mmoja. Panda.